"Fanyeni Kiume": Amri Hii Ni ya Nani?

Soma kwa somo hili: 1 Wakorintho 16:13–19, Yoshua 1:1–9, Ruthu 1:6–18, 1 Samweli 25:2–35, Mithali 31:10–31, Yohana 19:25–27.

Karibu na mwisho wa waraka wake wa kwanza kwa Wakorintho, mtume Paulo anatoa amri nne fupi, moja juu ya nyingine: wakeshe, wasimame imara katika imani, wafanye kiume, wawe hodari. Ya kwanza, ya pili na ya nne hazimpi taabu mwanafunzi wa Biblia. Ya tatu ndiyo inayozua swali darasani. Katika Biblia ya Union Version ya mwaka 1952, ambayo wengi wetu tumekariri mafungu yake tangu utotoni, imeandikwa "fanyeni kiume". Sasa watazame walioketi darasani kwako Sabato hii. Huenda nusu yao au zaidi ni akina mama na mabinti. Je, Paulo akifika kwenye amri ya tatu anawaruka hao? Au anawataka wageuke wanaume? Na ndugu wanaume nao, wanaamriwa nini, ikiwa wamekwisha kuzaliwa wanaume?

Swali hili si la kubishania maneno matupu. Neno "kiume" linafanya kazi majumbani mwetu kila siku. Mtoto akianguka akaumia huambiwa ajikaze, kwa maana mtoto wa kiume halii. Mume akitaka kumwomba mkewe msamaha, rafiki zake humwuliza kama yeye bado ni mwanamume. Baba anaficha maumivu ya kifua miezi sita, asionekane dhaifu, mpaka anafikishwa hospitali akiwa amechelewa. Binti akisema ukweli mbele ya wakubwa huambiwa ana tabia za kiume, na hapo hasifiwi, anakaripiwa. Tusipojua Maandiko yanaliweka wapi neno hili, tutachukua maana yake kutoka kijiweni na kuibandika jina la Paulo.

Neno lilikotoka

Neno la Kiyunani aliloandika Paulo ni *andrizesthe*. Limetokana na *aner*, yaani mwanamume au mume. Katika Agano Jipya lote kitenzi hiki kinapatikana mahali hapa peke yake. Kutoka katika shina hilohilo Wayunani walipata *andreia*, jina lao la ushujaa. Warumi nao walifanya vivyo hivyo: kutoka kwa *vir*, mwanamume, walipata *virtus*, ambalo kwanza lilikuwa ushujaa wa askari, na baadaye likawa jina la wema wa tabia wa kila namna.

Wanafalsafa walilishughulikia neno hili kwa bidii. Aristotle, aliyeishi karne ya nne kabla ya Kristo, alifundisha kwamba ushujaa halisi huonekana hasa vitani, mtu anapokikabili kifo cha heshima bila kutetemeka. Tena katika kitabu chake juu ya siasa alisema kwamba ushujaa wa mwanamume ni wa kuamuru, na ushujaa wa mwanamke ni wa kutii. Korintho ulikuwa mji wa Uyunani chini ya utawala wa Rumi. Haishangazi kama neno hilo liliwafikia wasikilizaji wa waraka likiwa na harufu ya vita na ya ubwana.

Lakini Paulo alikuwa na shule nyingine, nayo ni Maandiko. Kuanzia karne ya tatu kabla ya Kristo, Wayahudi wa Alexandria walianza kutafsiri Torati kwa Kiyunani, na kazi ile ikaendelea hadi ikapatikana tafsiri iitwayo Septuaginta. Wafasiri walipofika mahali Musa anapomtia moyo Yoshua, na baadaye Mungu mwenyewe anapomwambia Yoshua asiogope, walitumia kitenzi hichohicho cha Paulo. Neno la Kiebrania lililokuwa mbele yao ni *amats*, na ndani ya *amats* hamna mwanamume wala mwanamke. Maana yake ni kuwa imara, kukaza moyo, kutoyumba. Wafasiri walitafuta neno la Kiyunani la kubeba maana hiyo, na lugha yao ikawapa neno lenye jina la mwanamume ndani yake.

Fungua pia Zaburi 27:14 na 31:24. Katika Septuaginta mafungu haya mawili yana jozi ileile ya vitenzi anayoitumia Paulo anapowaambia Wakorintho wafanye kiume na wawe hodari. Na Zaburi 31:24 inasema wazi wanaoamriwa ni nani: ni wote wamngojao Bwana. Haikusema wanaume wamngojao Bwana.

Neno la Yoshua kinywani mwa habari za Ruthu

Kuna mtu mwingine katika Biblia ambaye neno *amats* limetumika juu yake, nasi mara nyingi tunampita bila kusimama. Wajane watatu wako njiani kutoka Moabu. Naomi amewaomba wakwe zake warudi kwao. Orpa amebusu, amelia, amerudi. Ruthu amekataa. Ndipo Ruthu 1:18 inatuambia kwamba Naomi aliona mkwewe amekaza nia kwenda naye, akaacha kusema. Huko kukaza nia, katika Kiebrania, ni *amats*, neno lilelile aliloambiwa Yoshua kando ya Yordani. Wafasiri wa Septuaginta waliliandika hapa kwa kitenzi ambacho Paulo anakitumia katika amri yake ya nne.

Linganisha hali za hawa wawili. Yoshua alikuwa na taifa nyuma yake, na ahadi ya nchi mbele yake. Ruthu alikuwa mjane, mgeni, asiye na mtoto, akiandamana na mkwe aliyekata tamaa. Hakuahidiwa hata shamba la kuokota masazo. Ikiwa kukaza moyo hupimwa kwa uzito wa yale mtu anayoyakabili akiwa na mikono mitupu, basi Ruthu hasimami nyuma ya Yoshua.

Liko na neno la pili la Kiebrania, *hayil*, lenye maana ya nguvu, uwezo na uthabiti. Malaika alimwita Gideoni kwa neno hili katika Waamuzi 6:12, na Biblia yetu ikatafsiri shujaa. Boazi anaelezwa kwa neno hili katika Ruthu 2:1, na hapo tunasoma habari za mtu mkuu. Lakini Ruthu anapoitwa kwa neno hilohilo katika Ruthu 3:11, na mke wa Mithali 31:10 vilevile, Kiswahili chetu kinaandika "mwema". Wema si neno baya. Hata hivyo msomaji hawezi kujua kwamba Gideoni, Boazi, Ruthu na mwanamke wa Mithali wamevikwa vazi la kitambaa kimoja. Septuaginta haikuona haya. Katika Mithali 31:10 ilimwita mwanamke huyo kwa neno *andreia*. Neno lililozaliwa kutoka kwa mwanamume likawa sifa ya mama anayeamka usiku, anayenunua shamba, na ambaye fungu la 17 linasema anaikaza mikono yake. Katika Kiebrania, kukaza huko ni *amats* tena.

Kinyume cha kiume ni nini?

Ili kulielewa neno, uliza kinyume chake. Kijiweni, kinyume cha kiume ni kike, na mtu akishindwa jambo huambiwa amefanya kama mwanamke. Je, ndivyo ilivyo katika waraka huu? Usome kutoka mwanzo. Katika 1 Wakorintho 3:1, 2 Paulo anasikitika kwamba alilazimika kuwanywesha maziwa, kwa kuwa walikuwa bado watoto wachanga katika Kristo. Katika 14:20 anawasihi wasiwe watoto katika akili zao. Katika 13:11 anasimulia jinsi alivyoyaacha mambo ya kitoto alipokuwa mtu mzima. Kiswahili kimeandika "mtu mzima", lakini neno la Kiyunani hapo ni *aner*, lile lile lililomo ndani ya *andrizesthe*.

Basi kinyume cha kiume katika waraka huu ni kitoto. Wakorintho walikuwa wakigombania viongozi, wakipelekana mahakamani, wakijivunia karama na kuwasahau maskini mezani pa Bwana. Hayo ni mambo ya watoto wanaonyang'anyana. Paulo anawaambia: kueni. Na kukua ni wajibu wa kila mtoto, awe wa kike au wa kiume.

Fungu la 19 linathibitisha jambo hili. Mafungu sita tu baada ya amri yetu, Paulo anatuma salamu za Akila na Priska. Katika Warumi 16:3, 4 anashuhudia kwamba wote wawili walihatarisha maisha yao kwa ajili yake. Mtume huyu alikuwa ameuona ushujaa wa mwanamke kwa macho yake.

Mkono wa kuume

Mtu anaweza kupinga: "Kama ni hivyo, kwa nini Roho Mtakatifu aliruhusu neno lenye mwanamume ndani yake? Je, si ishara kwamba ushujaa ni mali ya wanaume, na wanawake huazima tu?" Ni pingamizi la haki, na lugha yetu wenyewe inatusaidia kulijibu.

Wazee wetu waliuita mkono wenye nguvu mkono wa kuume. Shina ni lile lile la mume, mwanamume na kiume. Mkono wa kushoto uliitwa mkono wa kike. Siku hizi wengi wetu tunasema mkono wa kulia, yaani wa kulia chakula, lakini katika Biblia ya Union Version mkono wa kuume umejaa kila mahali. Walioutaja hivyo waliona nguvu, wakaipa jina la mwanamume. Lakini je, kuna mama aliyezaliwa bila mkono wa kuume kwa sababu mkono huo una jina la mume? Binti anaposalimia, anapochota maji, anapoinua Biblia yake, hutumia mkono wa kuume, na hakuna anayesema ameuazima kwa kaka yake.

Ndivyo ulivyo ushujaa. Wayunani, Warumi na wahenga wetu waliupa jina la mwanamume, kwa sababu waliutazama zaidi mahali wanaume walipokuwa. Jina lilitoka huko. Kitu chenyewe Mungu alimpa kila aliyeumbwa kwa mfano wake (Mwanzo 1:27). Asili ya neno hutueleza watu wa kale walisimama wapi walipokuwa wakitazama. Haituelezi mipaka ya kipawa cha Mungu.

Tena angalia kwamba Paulo ametumia kitenzi. Hakuna anayeamriwa kuwa kile ambacho amekwisha kuwa kwa kuzaliwa. Kama kiume ingekuwa habari ya maumbile, amri ingekuwa ya bure kwa wanaume na isiyowezekana kwa wanawake. Lakini ni jambo la kufanya, na kuendelea kulifanya. Mwanamume mwenye ndevu na misuli anaweza kuishi miaka sabini bila kulifanya hata mara moja.

Fungu la kumi na nne

Tumezoea kukariri fungu la 13 na kuliacha la 14, na madhara ya kuyatenganisha ni makubwa. Mara tu baada ya amri zile nne, Paulo anasema mambo yao yote yatendeke katika upendo. Hapo ndipo ushujaa wa Biblia unapoachana na ubabe. Nguvu isiyo na upendo si nusu ya amri iliyotimizwa. Ni amri iliyovunjwa. Ndugu anayempiga mkewe ili aonekane bwana wa nyumba hajafanya kiume kupita kiasi. Hajaanza kufanya kiume hata kidogo. Yuko bado katika 1 Wakorintho 3, kwenye maziwa.

1 Samweli 25 inatuwekea jambo hili mbele ya macho. Nabali ni tajiri, mkali, mwenye maneno ya kudhalilisha. Daudi amekasirika, amejifunga upanga, na watu kama mia nne nyuma yake wanakwenda kumwaga damu kwa sababu ya tusi. Kwa kipimo cha kijiweni wote wawili ni madume. Kati yao anashuka Abigaili juu ya punda, na mikate, na maneno ya hekima. Hana upanga. Anasimama mbele ya watu mia nne wenye silaha, na kumzuia mpakwa mafuta wa Bwana asijitie hatia ya damu. Daudi mwenyewe anakiri katika fungu la 33 kwamba mwanamke huyu ndiye aliyemzuia asimwage damu. Siku ile, nani alifanya kiume?

Kanisa letu lina mfano wa karibu zaidi. Desmond Doss, Mwadventista wa Marekani, aliingia jeshini wakati wa Vita Kuu ya Pili kama mhudumu wa majeruhi, akakataa kubeba silaha. Kambini wenzake walimdhihaki na kumwona mwoga. Mwaka 1945, katika kisiwa cha Okinawa, kikosi kilipolazimika kurudi nyuma, yeye alibaki juu ya jabali, akawateremsha majeruhi kwa kamba mmoja baada ya mwingine. Idadi iliyoandikwa ni watu 75. Tarehe 12 Oktoba mwaka huo Rais Truman alimvika Nishani ya Heshima, nishani ya juu kabisa ya kijeshi nchini mwake. Aristotle alisema ushujaa hutafutwa vitani. Doss alikuwa vitani kweli, lakini mikono yake ilikuwa inaokoa.

Na machozi je? Paulo yuleyule aliyeandika "fanyeni kiume" anawaambia Wakorintho haohao kwamba aliwaandikia kwa machozi mengi (2 Wakorintho 2:4). Wazee wa Efeso walilia shingoni pake (Matendo 20:37). Bwana wetu alilia kaburini kwa Lazaro (Yohana 11:35). Ikiwa kulia kunamwondolea mtu uanaume, tutamweka wapi Kristo?

Wakati kukimbia ni kusimama

Katika jamii zetu nyingi zenye jando, kijana alifundishwa kuukabili wembe bila kupepesa kope. Kutokimbia ndiyo ilikuwa alama ya mwanamume. Tunaiheshimu nia ya kumkomaza kijana. Lakini tazama upande wa pili. Mkoani Mara, mwezi Desemba, katika misimu ya ukeketaji, wako wasichana walioondoka nyumbani na kukimbilia nyumba salama, wakijua kwamba ndugu wanaweza kuwakana. Sheria ya Tanzania imekataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 tangu mwaka 1998, na Kenya ilipitisha sheria yake ya kupiga marufuku ukeketaji mwaka 2011. Hata hivyo sheria haimtembezi binti usiku. Anayetembea ni yeye, kwa miguu yake, kwa moyo uliokazwa.

Kaka yake amesifiwa kwa kutokimbia, na yeye amelaumiwa kwa kukimbia. Biblia inatufundisha kupima kwa namna nyingine. Yusufu, mwanamume kijana mwenye nguvu, alikimbia akaacha vazi lake mkononi mwa mke wa Potifa (Mwanzo 39:12), na hakuna mahali popote Maandiko yanapomwita mwoga. Kusimama imara katika imani ni kutoiacha haki, hata kama miguu inalazimika kukimbia. Binti akibisha hodi usiku katika nyumba ya mzee wa kanisa, jibu atakalopewa ndilo litakaloonyesha kama nyumba hiyo imeelewa 1 Wakorintho 16:13.

Dada White, katika kitabu cha Elimu kilichotoka mwaka 1903, anapoeleza watu ambao ulimwengu unawahitaji kuliko wote, anapima kwa dhamiri isiyonunulika na uthabiti katika haki. Misuli na sauti nzito hazimo.

Waliosimama

Zirudie zile amri nne, uzipeleke Gethsemane na Golgotha. Bwana aliwaomba wanafunzi wake wakeshe; neno analolitumia Mathayo 26:38 ni lile lile la amri ya kwanza ya Paulo. Walilala. Petro, aliyeahidi kufa pamoja naye, alichomoa upanga, na kabla ya mapambazuko akamkana Bwana mbele ya kijakazi. Upanga ulikuwapo, kiume hakikuwapo. Lakini Yohana 19:25 inatuambia nani walisimama karibu na msalaba: mamaye Yesu, na umbu la mamaye, na Mariamu wa Klopa, na Mariamu Magdalene, na pamoja nao mwanafunzi mmoja aliyependwa. Hawakuwa na la kufanya ila kutoondoka. Hawakuondoka.

Na juu yao, msalabani, alikuwepo Yeye ambaye angeweza kuita majeshi ya malaika asiite, akawaombea waliomsulibisha, akamtafutia mama yake nyumba. Huyo ndiye kipimo. Efeso 4:13 inapotuita tuufikie utu uzima hata cheo cha utimilifu wa Kristo, mtu mzima anayetajwa hapo ni *aner*, na walioitwa kumfikia ni sisi sote.

Maswali ya kujadili

1. Taja misemo ya lugha yenu ya nyumbani inayotumia uanaume au uanamke kusifu au kudharau. Ni ipi inayopatana na 1 Wakorintho 16:13, 14, na ni ipi inayopingana nayo?

2. Kwa nini ni vigumu kwa baadhi ya ndugu kuomba msamaha nyumbani, au kwenda hospitali mapema? Darasa lenu linaweza kuwasaidiaje bila kuwaaibisha?

3. Binti wa kanisa lenu akikimbilia kwenu kuepuka ukeketaji au ndoa ya utotoni, nani atampokea, atalala wapi, na nani atazungumza na wazazi wake? Msiondoke darasani kabla ya kupata majina.

4. Mwalimu wa watoto amwambie nini mvulana anayelia?